Kufuli Langu na Sayari Mbili

Nilipokuwa kidato cha tano tuliagizwa kutafuta mchapuko wa uvutano wa Dunia, yaani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa mita ngapi kwa sekunde katika kila sekunde, kwa kutumia pendulamu, kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, na kwa kuwa gololi za maabara zilikuwa zimetoweka kwa njia ambazo kila mmoja alizijua na hakuna aliyezisema, nilining'iniza kufuli la tranka langu kwenye uzi wa sentimita 50. Siku hiyo chakula kilikuwa wali. Kwa haraka nilipima mbembeo mmoja tu, kwenda na kurudi, nikapata sekunde 1.55, nikaziingiza kwenye kanuni ya pendulamu, kikokotoo kikanipa 8.21611188, nami nikazinakili tarakimu zote kwa mwandiko mzuri, nikiamini kwamba jibu refu ndilo jibu la msomi.

Mwalimu alilisoma polepole, kisha akaniuliza kidole changu hukosea kwa kiasi gani kinapobonyeza saa. Nikakisia sekunde 0.2.

"Hiyo ni karibu asilimia 13 ya muda wako," akasema, "na kwa kuwa kanuni inauzidisha muda kwa wenyewe, kwenye jibu inakuwa 26. Ongeza asilimia moja ya urefu, maana hakuna ajuaye kitovu cha kufuli kiko wapi."

Tukafikia 8.2, kuzidi au kupungua kwa 2.2, yaani popote kati ya 6.0 na 10.4.

"Dunia ni 9.8, Zuhura ni 8.9, na zote zimo humo. Sasa kijana, wewe unasoma shule ya sayari ipi?"

Nilirudi mezani nikapima mibembeo 20 kwa mkupuo, ili lile kosa la kidole ligawanywe kwa 20. Sekunde zikawa 27.0, shaka yote haikufika asilimia 3, na jibu likawa 10.8, kuzidi au kupungua kwa 0.3. Nikalipeleka kifua mbele.

"Ulipokuwa na shaka, Dunia ilikuwamo," akasema Mwalimu. "Umepata uhakika, umeitoa nje. Hebu hesabu nikusikie."

Nililiachia kufuli nikitamka "moja", na hapo hapo nikajisikia mwenyewe: moja ilitoka kabla kufuli halijafika popote, kwa hiyo mibembeo yangu 20 ilikuwa 19, kosa ambalo hesabu za shaka haziwezi kulinusa hata kidogo.

Nikaanza upya kwa kupaza sauti "sifuri!", jina ambalo bweni zima lilinibandika tangu jioni hiyo. Sekunde 28.4. Jibu likawa 9.8, kuzidi au kupungua kwa 0.2, na wali ulikuwa umekwisha.