Chipukizi wana fungu lao, wakongwe wana tuzo zao, na sisi je?

Wiki iliyopita nilikwenda Mbagala kumsalimia mchoraji mwenzangu ambaye tumejuana tangu mwaka 2006. Nilimkuta uani, amepiga magoti mbele ya kanvasi kubwa, anachora machweo na Wamasai watatu wenye mikuki. Picha za namna hiyo hutoka haraka kwenye maduka ya watalii, kwa hiyo sikushangaa. Kilichonikata maini nilikiona niliposogea karibu. Jua lilikuwa linapiga kwa ubavu, na chini ya ile rangi ya chungwa mbichi yakaonekana matuta ya rangi iliyokauka zamani: pindo la kanga, bega, mkono ulioshika ndoo. Nikaitambua. Ni picha yake ya akina mama kwenye foleni ya maji, aliyoichora mwaka 2011. Siku ya maonyesho nilisimama mbele yake muda mrefu nikitamani ingekuwa ya mkono wangu.

"Dada, kanvasi zimepanda bei, na mtoto anaingia kidato cha kwanza," akaniambia. Hakuinua kichwa.

Jioni hiyohiyo, kwenye kundi letu la WhatsApp, mtu akarusha tangazo la ufadhili kwa wasanii. Nikalifungua kwa pupa. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 35. Mimi nina 43. Yeye ana 46.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa sasa na nimegundua kwamba hata lugha yetu imetuacha nje. Tuna msanii chipukizi. Tuna msanii mkongwe. Aliyeko katikati, aliyechora miaka 15 au 20 na bado ana miaka 20 mingine mbele yake, tunamwitaje? Hana jina, na asiye na jina haingii kwenye bajeti ya mtu.

Hii hesabu ya miaka 35 inaniumiza zaidi nikimkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932. Alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, kwenye mbao za masonaiti, kwa rangi za kupakia baiskeli, na mwaka 1972 akafariki. Ile miaka michache ndiyo iliyoipa nchi hii mtindo wa picha unaotambulika dunia nzima. Sasa piga hesabu: alianza akiwa na miaka 36. Kwa fomu niliyoifungua jioni ile, asingevuka hata ukurasa wa kwanza.

Najua kwamba vijana nao wana shida. Nilikuwa kijana, najua njaa ya kuanza, na semina mbili tatu zilinisaidia. Sitaki mtu awapunguzie. Lakini watu wanaotoa fedha wanadhani ugumu wa kazi hii uko mwanzoni tu, na hapo wanakosea sana.

Ukiwa na miaka 25 unautafuta mkono wako. Ukifika miaka 15 ya kazi mkono umeshaupata, na hapo ndipo hatari ilipo, maana wateja wameshakujua kwa kitu kimoja. Mimi wananijua kwa majahazi. Mwaka wa tisa sasa watu wananipigia simu wanataka jahazi, la bluu, la kutosha juu ya kochi. Yanalipa ada na umeme, nayashukuru. Lakini kichwani nina picha nyingine kabisa, kubwa, za wanawake wanaopara samaki kwenye soko la Feri alfajiri, magamba yamewaganda mikononi hadi kwenye viwiko. Nimejaribu mara nne. Kwa upana ninaoutaka kanvasi zilizokwisha kuwambwa hazipiti mlangoni kwangu, na bei yake siiwezi, kwa hiyo ninawamba amerikani kwenye mbao za seremala, ninaisiliba kwa gundi ya mbao na rangi nyeupe ya ukutani. Baada ya mwaka inapasuka. Picha tatu zimeshapasuka usoni kabisa, mahali nilipohangaika zaidi. Ili nizipate hizo picha nahitaji miezi ya kuchora vibaya, kufuta na kurudia, bila kuuza jahazi hata moja. Hiyo miezi nani anailipia?

Karibu kila fedha iliyowahi kunifikia ilikuwa fedha ya mradi. Niliwahi kupata moja, simtaji aliyetoa. Ilibidi nieleze jamii itanufaikaje, vijana wangapi watafikiwa, wanawake wangapi. Nikafundisha watoto kila Jumamosi kwa miezi mitano, na niliwapenda wale watoto. Kulikuwa na fulana, mabango, chakula cha mchana, posho za wageni. Mwisho nikaandika ripoti ya kurasa 22. Katika miezi ile yote sikumaliza picha yangu hata moja, wala rangi yangu haikuwa na fungu kwenye bajeti. Kumbe mchoraji akichora vizuri, huo si mchango kwa jamii?

Nyumbani tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao hutoa mikopo. Nakubali kwamba kwa mwenye studio ya muziki au kamera za filamu mkopo unaweza kumwinua, maana chombo chake kinaanza kuingiza fedha mapema. Picha ambayo hujui kama itafanikiwa haiwezi kulipa rejesho la mwezi.

Wenzetu wa mbali wameliona hili pengo. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi una tuzo kwa walio miaka ya mwanzo, na mpango mwingine kwa walio katikati ya safari. Mfuko wa Gottlieb wa New York unataka mtu aliyefanya kazi kwa uzito miaka 20 au zaidi. Ila unaonigusa ni ule wa Pollock-Krasner, ulioanzishwa mwaka 1985 kwa mali aliyoiacha mchoraji Lee Krasner. Hauna ukomo wa umri, hupokea wachoraji kutoka nchi yoyote, hutoa hadi dola 50,000, na fedha hizo unaruhusiwa kununulia rangi, kulipia studio, hata kula. Hata kula! Mwanamke aliyechora maisha yake yote ndiye alijua kwamba mchoraji anahitaji kula.

Lakini wanataka kuona ulikotoka: picha za kazi zako, mwaka, vipimo, maonyesho uliyofanya. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tumeuza kwa fedha taslimu, picha ikapanda ndege, hatukubaki hata na kivuli chake kwenye simu. Ile ya foleni ya maji haina picha popote, na sasa iko chini ya machweo.

Ningependa kuona mfuko mmoja tu wa nyumbani, mdogo: wachoraji watano kwa mwaka, wenye miaka kumi ya kazi inayoonekana, wapewe kodi, rangi na chakula kwa miezi 12. Wasiulizwe umri wala kuitwa kwenye semina. Mwisho wa mwaka waje watazamwe picha zao.

Jumamosi nilirudi Mbagala na futi ya fundi cherehani na simu ya mwanangu yenye kamera nzuri. Tulizitoa picha zote uani, moja moja, tukapima na kupiga. Nyingine miaka yake hakuikumbuka, mkewe akatusaidia: hii ulichora nikiwa na mimba ya huyu, hii mwaka ule tulipohama Tandika. Tumefikisha 14. Wiki ijayo tunavuka kwenda Kigamboni, kuna mama alinunua mbili mwaka 2013 na amesema bado ziko sebuleni kwake.