Waco: tazameni tarehe za waliotoka

Kila Shakahola, msitu wa Kenya ambako wafuasi wa mhubiri walikufa kwa kufunga kula, inapotajwa hapa Dodoma, iwe sokoni Majengo au kwenye ofisi za Mtumba, hukumu huwa ileile: serikali iingie kwa nguvu, mapema. Kwa Shakahola hoja hiyo ina uzito. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, alishawahi kukamatwa na kuachiwa kabla ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni kuanzia Aprili 2023. Dola ilichelewa. Wanaotaka kuifanya kanuni ya kila mahali waitazame Waco, Texas, ambako dola iliharakisha.

Februari 28, 1993, maofisa wa ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, walikwenda Mount Carmel, makazi ya kundi hilo, kumkamata David Koresh, kiongozi wa Branch Davidians, kundi lenye asili ya Usabato. Asubuhi hiyo ofisa wao wa siri alitoka ndani na kuwaonya: wanajua mnakuja. Wakubwa wakaamuru msafara uendelee. Maofisa 4 na waumini 6 wakafa, FBI, polisi wa upelelezi wa shirikisho, ikashika usukani, mzingiro ukaenda siku 51.

Dola nayo ilikuwa na sababu. Koresh alilimbikiza silaha, alizaa na mabinti wadogo, na Machi 2 aliahidi kutoka hotuba yake ikirushwa redioni. Ikarushwa, akasema Mungu kamwambia asubiri. Mtu aliyezika wenzake, kisha akadanganywa hivyo, subira itatoka wapi?

Lakini watu 35 walitoka hai kwa mazungumzo tu, 21 kati yao watoto. Machi 12 walitoka wawili. Usiku huohuo umeme ukakatwa. Machi 21 wakatoka saba. Usiku spika zikafunguliwa, na milio ya sungura wanaochinjwa ikawa sehemu ya kelele hizo. Yaani wapatanishi wakipata watu, makamanda wanawaadhibu waliobaki. Wa mwisho alitoka Machi 23. Kwa karibu wiki nne zilizofuata hakutoka muumini hata mmoja, na FBI ikaiita hali hiyo ukaidi wa Koresh!

Waliokuwa ndani waliamini wanaishi Mihuri Saba ya Ufunuo, unabii wa Biblia wa siku za mwisho. Kifaru cha FBI kikiponda uzio asubuhi, mahubiri ya jioni yameshajiandika. Wanazuoni James Tabor na Phillip Arnold walilielewa hilo, wakazungumza na Koresh kupitia redio kwa lugha ya Ufunuo. Aprili 14 akaandika kwamba atatoka akimaliza kufafanua mihuri hiyo. FBI ikaona ni janja. Pengine ilikuwa janja, ila muhuri wa kwanza alikuwa ameshaumaliza. Manusura mmoja alitoka motoni na diski yenye maandishi hayo.

Aprili 19, alfajiri, gesi ya machozi ikaanza kuingizwa. Mpango ulikuwa kuipuliza kidogokidogo kwa saa 48. Risasi zilipotoka ndani, ukaharakishwa. Watoto hawakuwa na barakoa za kuwatosha. Kuta zilikuwa za mbao nyepesi, marobota ya nyasi kavu madirishani, taa za mafuta kila mahali kwa kuwa umeme ulishakatwa, na upepo ulikuwa mkali. Adhuhuri moto ukazuka sehemu zaidi ya moja, magari ya zimamoto hayapo. Walikufa 76, zaidi ya 20 watoto. Uchunguzi wa seneta wa zamani John Danforth mwaka 2000 ulisema waliowasha ni wa ndani, nami sina ubishi na hilo. Waliwasha baada ya saa sita za gesi.

Kwetu Msajili wa Jumuiya anaweza kufuta usajili kwa Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Kundi likishajifungia ndani, karatasi hiyo haina kazi tena. Hapo OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anahitaji kando yake mchungaji au mwanazuoni anayeijua Ufunuo sura ya 6, na mpatanishi mwenye mamlaka ya kuzuia umeme usikatwe siku ambayo watu wametoka.