Shangazi Hatagi

Kabla hujanihukumu, naomba ujue kwamba kaunta buku zilikuwa mbili. Zote nyeusi, zote mgongo mwekundu, zote nimenunua siku moja kwenye duka moja pale stendi ya Muheza. Moja ya hesabu za mradi. Ya pili yangu mwenyewe.

Hiyo yangu ndiyo iliyoniponza. Zamani nilikuwa mtu wa kuandika. Sekondari nilikuwa na daftari chini ya godoro, naandika kila kitu: nani kala bakora, nani kampelekea nani barua. Kisha nikapata kazi Dar, na kwa miaka tisa maandishi yangu yote yakawa ya "rejea kichwa cha habari hapo juu". Marehemu baba alituachia ekari nne za michungwa iliyozeeka na banda la kuku ambalo mchwa walishalila nguzo mbili. Ndugu wakakaa, wakachanga, wakaniteua mimi nikaufufue mradi, kwa sababu ndiye pekee sikuwa na mke wala, kwa wakati ule, kazi.

Sasa shambani usiku ni mrefu. Kuku wanalala saa kumi na mbili na nusu, umeme haujafika, na ukishafunga banda kwa ajili ya vicheche huna la kufanya ila kusikiliza mbu. Usiku wa nne nikawasha taa ya sola, nikafungua ile kaunta buku ya pili. Kalamu nimeishika kama mtu anayemsalimia mke aliyemwacha. Nikaandika "Leo", nikakaa na hiyo "Leo" robo saa nzima. Kisha kuku mmoja akakohoa kule bandani, nikapata la kuandika.

Tabu ya kuandika habari za kuku kumi na nane wa kienyeji ni kuwatofautisha. "Yule mwekundu" na "yule mwekundu mwingine" hazikumaliza wiki. Nikawapa majina, na majina yakajileta yenyewe. Yule mnene anayefukuza wenzake kwenye pumba akawa Mama Mkubwa. Yule kishingo anayetembea akikagua kila kona akawa Shangazi wa Korogwe. Jogoo akawa Baba Mdogo. Sikuona haja ya kuandika popote kwamba hawa ni kuku. Si nilijua mwenyewe?

Idd pili, ndugu wakaja kupokea hesabu. Mvua inanyesha, watu wote barazani, pilau limeshaliwa. Mwenyekiti ni Baba Mdogo, aliyekuwa karani kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi, mtu ambaye hajawahi kukutana na karatasi asiisome kwa sauti.

"Lete daftari, mwanangu."

Nikaingia chumbani gizani, nikapapasa, nikamletea, nikaenda zangu jikoni kuangalia chai. Baba Mdogo akavaa miwani, akafungua pale kalamu ilipokuwa.

"'Jumanne,'" akasoma, kwa sauti ile ya kuwaita manamba. "'Shangazi wa Korogwe hatagi wiki ya tatu sasa. Anakula tu.'"

Kimya. Hata watoto waliacha kugombea mfupa.

Baba Mdogo, mtu wa utaratibu, akaendelea. "'Mama Mkubwa naye kazidi. Leo nimemshika kwa nguvu kumtia dawa ya jicho, kanidonoa. Manyoya ya nyuma yamemnyonyoka yote, sijui ni ugonjwa au uzee.'"

Mama Mkubwa akavuta mtandio wake polepole.

Jamani, ile ilikuwa chanjo ya kideri. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, vinginevyo unaamka banda lote limelala miguu juu. Lakini utawaelezaje watu, na wewe uko jikoni na sufuria mkononi, umesikia neno "kanidonoa" na miguu imegoma?

"'Kama ni hivi, Shangazi tumchinje Jumamosi. Nyama yake itakuwa ngumu, ila kwa wali wa nazi tutavumilia.'"

Shangazi ndiye aliyetoa laki mbili za mabati.

Nikafika mlangoni. "Baba Mdogo, hilo siyo..."

"Mzee akisoma hakatizwi." Akalowesha kidole, akafunua ukurasa. "'Baba Mdogo hana haya,'" akasoma, akasita. Mtu mwingine angefunga daftari. Lakini karani ni karani, kilichoandikwa husomwa. "'Tangu alfajiri anawakimbiza wanawake uwanja mzima. Leo kamrukia Mama Mkubwa mbele ya watoto.'"

Mama Mdogo akageuka na kiti chake chote.

"Kuku!" nikapiga kelele. "Ni kuku! Wote hawa ni kuku!"

"Sasa anatutukana waziwazi," akasema Mama Mkubwa.

Ikabidi niwapeleke bandani, mvua hiyo hiyo, watu watatu mwavuli mmoja, nikawatambulisha mmoja mmoja. Jogoo hakuniangusha: alifanya nilichomwandikia, kwa yule niliyemwandika, mbele ya watoto. Mama Mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, tena moja ya zile za mchwa.

Shangazi peke yake hakucheka. Alimtazama yule kishingo muda mrefu. Kishingo naye akamtazama, jicho hili, kisha jicho lile.

"Huyu ndiye hatagi?"

"Ndiye, Shangazi."

"Nani kasema?"

Kuku akaondoka taratibu, Shangazi nyuma yake, kanga kichwani, wakazunguka banda, wakapita simtangi lililotoboka. Pale kwenye rundo la makuti mabovu, Shangazi akainama, akafunua. Mayai kumi na manne. Kuku wa kuachiwa akiona yake yanachukuliwa kila siku, huhamia mafichoni. Nami, bwana mradi, sikuwahi kuchungulia zaidi ya viota nilivyovipigilia mwenyewe.

"Andika," akasema Shangazi.

"Nitaandika, Shangazi, mvua iki..."

"Sasa hivi."

Nikaandika pale pale, wino ukitiririka: Shangazi anataga. Akayasoma, akayafunga mayai yote kwenye kanga, akapanda basi la Korogwe saa tisa.

Kwenye daftari la hesabu nilijaza: yaliyopatikana 14, yaliyouzwa 0, yaliyobaki 0. Baba Mdogo amepachora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, na mpaka leo ananidai maelezo.