Nani kasema mzee aliishi bure?

Tulimzika mzee wetu hapa Ngamiani, Tanga, wiki mbili zilizopita, na bado nina hasira. Si hasira ya kifo, maana mzee alikuwa amekula chumvi nyingi na aliondoka usingizini. Hasira yangu ni ya maneno yaliyosemwa chini ya turubai, sahani za wali zikiwa bado zinazunguka: "Masikini, miaka yote ile kaishi bure. Mtu asiye na Mungu anaishi kwa ajili ya nini?"

Aliyesema ni mtu mzima ninayemheshimu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu msibani hapabishwi. Leo nasema.

Mzee alikuwa fundi baiskeli, na watu wa Tanga hamhitaji kuambiwa fundi baiskeli ni nani katika mji huu. Alikaa chini ya mwarobaini mmoja zaidi ya miaka thelathini, na beseni lake la maji ya kutafutia pancha, solusheni, tupa, na viraka alivyokata mwenyewe kutoka kwenye tyubu mbovu. Msikitini hakuingia, kanisani hakuingia. Ukimuuliza, alikujibu kwa upole kwamba alitafuta, hakuona, na hapendi kumdanganya mtu. Hakuwahi kumkejeli mwenye imani. Mwezi wa Ramadhani hakula hadharani hata siku moja.

Alipofariki likaja swali: nani anamzika? Mpwa wake alifika kutoka Korogwe asubuhi. Huku wakasema si wetu, kule wakasema si wetu. Siwalaumu, kila nyumba ya ibada ina taratibu zake. Ilipofika saa nane mchana, mwenyekiti wa mtaa akasema basi tunamzika sisi. Vijana wa bodaboda wakachimba kaburi. Kina mama walikuwa tayari wana moto jikoni. Makaburini hakukuwa na sala ya pamoja. Mpwa wake alisema maneno machache kwa sauti iliyokatika, kila mmoja akaomba kimoyomoyo anavyojua, tukatia udongo. Sijawahi kuona watu wengi namna ile kwenye maziko ya mtu asiye na mali.

Walikuja kwa sababu ya daftari.

Kwa miaka mingi mzee ndiye aliyetunza daftari la kuzikana la mtaa wetu. Ni kaunta buku yenye jalada jeusi gumu, imefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Baada ya madeni na michango ya wiki ile kuhesabiwa, nilikabidhiwa nilihifadhi kwa muda, na nimelisoma lote. Kila msiba una ukurasa wake: jina la marehemu juu, chini majina ya waliotoa, kiasi, tiki. Elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Ambaye hakuwa na kitu, mzee hakuandika "anadaiwa". Aliandika "atatoa". Nimekuta "atatoa" za mwaka 2009 ambazo hazikufutwa na hazikudaiwa. Mmoja wa hao namfahamu, ni mama aliyekuwa anauza mihogo, na mume wake alipokufa mwaka uliofuata alipewa mkono wake kamili, hakupunguziwa hata shilingi.

Nawauliza mliokuwa chini ya turubai: nani alimwamuru mzee aandike "atatoa"? Ni aya gani aliyokuwa anaiogopa? Hakuwa anatarajia pepo. Hakuwa anaogopa moto. Na ninyi wenyewe, Waislamu kwa Wakristo, ndiyo mliompa pesa za sanda na za jeneza azitunze, kwa sababu mlimjua. Mlikuwa mmeshajibu swali lenu kwa vitendo miaka yote hiyo, halafu mkalikana jibu lenu siku ya kumzika.

Hoja yao naijua: bila wa juu, wema hauna mahali pa kusimama, kila mtu atafanya apendalo. Mimi nasema wema umesimama pale pale ulipoanzia, kwenye ukweli kwamba hakuna anayeweza kujizika. Mtu anazaliwa kwa mikono ya wengine na anashushwa kaburini kwa mikono ya wengine, na katikati anaugua, anaishiwa, anafiwa. Kutokana na uhitaji huo watu wametengeneza wajibu. Naam, wametengeneza, kama unavyotengeneza njia kwa kuipita kila siku. Hilo haliufanyi wajibu kuwa mwepesi. Aliyekosa kufika msibani bila sababu katika mtaa huu anaijua aibu yake ilivyo nzito, na aibu hiyo haikuteremka kutoka popote, iko machoni mwa jirani anayekutana naye bombani kesho yake.

Sikilizeni hata lugha yetu. Dereva akimgonga mtoto akakimbia, hatusemi kwanza "hana dini". Tunasema "huyo si mtu". Tunasema "hana utu". Kipimo ni utu, na utu na mtu ni maneno ya shina moja. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii na Mwislamu, alihubiri utu maisha yake yote bila kuona kwamba anapingana na imani yake. Na mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwamba Waakan, watu wa kwao, wanamwamini Mungu, lakini ukiwauliza kwa nini jambo fulani ni jema, watakujibu kwa manufaa ya binadamu.

Kuna jambo moja ambalo limenikaa kichwani tangu maziko. Mwaka 1948, wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipokuwa wanaandika Tangazo la Haki za Binadamu kule Paris, mjumbe wa Brazil alitaka itajwe kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mjumbe wa China, Peng Chun Chang, akaomba wasiingie huko, kwa kuwa tangazo ni la watu wote. Pendekezo likaondolewa. Tarehe 10 Desemba nchi 48 zikakubali, 8 zikajizuia, hakuna iliyokataa. Sasa soma ibara ya 1 kwa Kiswahili: "Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Wamejaliwa na nani? Kwa mazoea yetu anayejalia ni Mungu. Sentensi haimtaji wala haimfukuzi. Imeacha nafasi, na kila mtu anaijaza anavyoamini, lakini "yapasa" inabaki palepale kwa wote. Naona ni sentensi nzuri kuliko nyingi nilizosoma, na inafanana na kaburi lile tulilosimama kila mtu akiomba kwa njia yake.

Mtasema kilichojengwa na watu kinaweza kubomolewa na watu. Ni kweli, na kinatisha. Ila wanaoamini nao wamebomoa. Katika pwani hii watu wenye vitabu vitakatifu waliuza na kununua watu, na soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa hadi mwaka 1873. Vitabu havikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa mtu. Nakubali, waliopigania soko lile lifungwe wengi wao walikuwa waumini, na imani iliwapa nguvu. Hilo siwezi kuwanyang'anya.

Na kuna jingine siwezi kuwanyang'anya, ingawa linaniuma kuliandika. Mwenye imani ana ahadi kwamba aliyedhulumiwa akafa atalipwa. Mimi sina cha kumpa mama ambaye mwanawe aliuawa na muuaji akafa kwa uzee kitandani. Hapo mikono yangu ni mitupu. Ninachoweza ni kukaa naye, na kuhakikisha jina la mwanawe limeandikwa vizuri mahali.

Ukurasa wa mwisho wa daftari, mzee aliuandika siku nne kabla hajafa. Ulikuwa msiba wa mtoto mchanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Watoto wachanga huku kwetu mara nyingi huzikwa kimya kimya, hata jina halitajwi. Yeye alikwenda kumwuliza mama yake, kisha akaliandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, akalipigia mstari kwa rula. Jina la kwanza kwenye orodha ya waliotoa ni lake: elfu mbili, tiki.

Jumapili tunakutana kuchagua mtunza daftari. Nimeambiwa nijiandae. Nimeshafungua ukurasa unaofuata na kuandika jina la mzee juu yake, kwa herufi kubwa, na nimeazima rula.