Ndege Hajui Kuruka, Sisi Hatujui Kuacha

Kwanza yule ndege wa Flappy Bird, gemu ya simu, mwenyewe ana kasoro. Mbawa fupi, midomo minene utadhani kaumwa na nyuki, na usipogusa kioo anaporomoka kama gunia la viazi lililodondoka kwenye roli pale Uyole. Halafu baba mzima, mwenye mji wake, kakaa kwenye daladala Kabwe, hapa Mbeya, kakunja uso anamvusha kwenye mabomba. Konda kadai nauli mara tatu. "Ngoja kwanza, niko kwenye 9!"

Hiyo 9 ndiyo inayoua watu. Kwenye Flappy Bird, bomba moja pointi moja. Ukifika 10 unapewa nishani ya shaba, 20 fedha, 30 dhahabu, 40 platinamu. Mtu akifa kwenye 9 hasemi kashindwa, anasema "ilibaki kidogo." Na kuanza upya ni kugusa tu. Laiti gemu ingemwambia asubiri dakika tano, angekumbuka kwamba ametumwa mchele.

Balaa hili ni la Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam. Aliitoa Mei 2013, ikakaa kimya, mwanzoni mwa 2014 ikalipuka dunia nzima. Februari mwaka huohuo akaiondoa mwenyewe, akisema ilikuwa ya kuchezwa dakika chache mtu akiwa amepumzika, na sasa imegeuka uraibu. Haya, kaondoa, tumepona? Ni sawa na kufunga kilabu kimoja cha ulanzi, pombe ya mianzi, Iringa halafu kila nyumba ianze kugema. Za kuiga zikajaa, na kila moja ina ukali wake: hii mtogwa, bado tamu, ile mkangafu, imeshakuwa kali. Uwazi wa mabomba hapa mpana, kule mwembamba. Ndege wa hapa mwepesi, wa kule kama kameza nondo. Ndiyo maana bingwa wa simu yake akiazima ya shemeji anakufa bomba la kwanza, anasingizia kioo.

Na tabia ya kutwanga kioo kama unapiga mlango wa mdaiwa, nani katufundisha? Ukibonyeza kwa nguvu ndege hapandi zaidi. Kila mguso unafuta kasi ya kuanguka na kumpa mruko uleule. Ila ukichelewa, anaanguka kwa kasi inayozidi kuongezeka, ndipo unapopapatika na kugusa mara mbili, kichwa kikagonga bomba la juu. Mguso mmoja wa ziada unaua kama wa pungufu. Ukitoka uwazi wa juu kwenda wa chini, toa kidole kabisa, mwache ashuke, mdake akikaribia mdomo wa bomba la chini. Na macho yakae kwenye bomba linalokuja. Kumkodolea ndege hakumsaidii, anajua anakufa.

Sasa changanya na hali ya hewa yetu. Juni na Julai, Uyole asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Unavaa glavu za sufu, kioo hakikutambui, maana kinasikia umeme wa ngozi, si uzito wa kidole. Unavua glavu, baridi inakung'ata, unagusa baada ya wakati. Ukisema uhamie Tukuyu, huko mvua. Tone moja likidondoka kwenye kioo, simu inadhani ni kidole, ndege anaruka bila idhini yako. Protekta yenye mapovu nayo ina lake. Na chaji ikishuka, simu ikaingia kwenye kuokoa betri, picha zinakatakata: unaona bomba liko mbali kumbe umeshaligonga.

Matangazo? Zima data. Za kuiga nyingi zinacheza bila intaneti, na bando lako linabaki salama. Lakini hapo ndipo unajimaliza kabisa, kwa sababu lile tangazo la sabuni lilikuwa ndilo pumziko pekee ulilobakiwa nalo.

Basi gari limejaa, limeondoka, Mama John hiyo, ndege kafika 14, watu wa siti ya nyuma wameacha kuongea wanachungulia. Bwana alikuwa ashuke Sae. Anagutuka yuko Uyole, konda kafungua mlango anamwangalia tu. Kavuka barabara, kapanda gari la kurudi, kalipa nauli nyingine. Ndani wako abiria wawili, na dereva ameshuka kwenda kunywa chai.