Mrudishieni Ulimi Wake

"Mbona hasemi?" Mwalimu aliniuliza kwa mnong'ono, na sikuwa na jibu.

Tulikuwa katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, Jumamosi alasiri, joto limetanda, viti vya plastiki vimebanana. Jukwaani alikuwa kijana mrefu aliyepakwa rangi ya kijani usoni, bolti mbili za kadibodi zimegandishwa shingoni, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayepapasa ukuta umeme ukipotea. Kikundi cha vijana kilikuwa kinaigiza Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley. Sisi tulikwenda watu saba wa kundi letu la kusoma, na tulikuwa tumeimaliza riwaya hiyo wiki mbili tu kabla. Tulikwenda kwa hamu ya watu wanaokwenda kituoni kumpokea ndugu aliyekuwa safarini. Kwa saa moja na nusu yule kiumbe hakutamka neno. Alinguruma, alilia, alikaba watu. Mwisho akaanguka, taa zikazimwa, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwalimu hakupiga. Ni mstaafu, amefundisha fasihi miaka mingi, na makofi yake hayatoki ovyo.

Jioni tukateremka ufuoni Dunga, tukaagiza samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali, na mabishano yakaanza kabla hatujanawa mikono. Mwalimu alisema kitabu kimechinjwa. Dada mmoja wa kundi letu, muuguzi, akamjibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Mwalimu, wengi waliokuwa mle ndani hawajawahi kukishika kitabu hicho. Angalau leo wamejua kipo."

"Wamejua nini, binti yangu? Kwamba Frankenstein ni jitu la kijani?"

Hapo Mwalimu alikuwa na haki. Frankenstein si jitu. Ni Victor, kijana wa Geneva anayekwenda kusoma Ingolstadt na kuunda kiumbe kwa viungo alivyookota makaburini na machinjioni, halafu anamkimbia usiku uleule anapofungua macho. Kiumbe mwenyewe hana jina. Na si wa kijani: kitabuni ngozi yake ni ya manjano, nywele zake nyeusi zinang'aa, meno yake meupe kama lulu. Zile bolti za shingoni zilitoka kwenye filamu ya mwaka 1931, aliyoigiza Boris Karloff.

Lakini dada naye alikuwa na haki, na kubwa kuliko alivyodhani. Mimi ni mtu wa kitabu tangu utotoni. Hata hivyo siwezi kuungana na wasomaji wanaolidharau jukwaa katika suala la riwaya hii hasa, kwa sababu bila jukwaa huenda tusingekuwa nayo mikononi.

Mary Shelley alianza kuiandika mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, katika kiangazi cha mvua na baridi kilichoharibiwa na majivu ya mlima Tambora wa Indonesia, uliolipuka mwaka uliotangulia. Kitabu kilitoka tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500 tu, bila jina la mwandishi. Nakala 500! Shule moja kubwa ya hapa kwetu ingezimaliza zote na bado watoto wengine wakae wawili wawili. Miaka mitano ikapita. Kisha, tarehe 28 Julai 1823, ukumbi wa English Opera House jijini London ukafungua tamthilia ya Richard Brinsley Peake iliyotokana na riwaya hiyo. Watu wakamiminika. Wengine wakagawa vikaratasi vya kuipinga, wakidai ni mchezo wa kukufuru, na bila shaka waliosoma vikaratasi hivyo walikata tiketi vilevile. Kwa sababu ya shamrashamra hizo, William Godwin, baba yake Mary, alihakikisha riwaya inachapishwa tena mwaka huohuo, na safari hii jina la binti yake likawekwa.

Mary alikuwa amerudi London kutoka Italia siku chache kabla, mjane mwenye mtoto mmoja, mumewe Percy amezama baharini mwaka mmoja nyuma. Usiku wa tarehe 29 Agosti akaenda kuutazama mchezo. Nimelifikiria sana tukio hilo: mwandishi ameketi katikati ya umati, anamwona mtu aliyemzaa kwa wino akitembea kwa miguu ya nyama. Hakukasirika. Alimwandikia rafiki yake Leigh Hunt kwamba amejikuta ghafla ni mtu maarufu, akamsifu mwigizaji T. P. Cooke aliyekuwa kiumbe, na akapendezwa hasa na jambo moja dogo. Kwenye orodha ya waigizaji, mahali pa jina la kiumbe paliwekwa mstari mtupu. Kiumbe asiye na jina kitabuni akapewa nafasi isiyo na jina kwenye karatasi. Watu wa jukwaa waliosoma kitabu vizuri kiasi hicho siwezi kuwaita wachinjaji.

Ila ni haohao waliomkata ulimi.

Katika tamthilia ya Peake kiumbe hasemi. Ni bubu tangu mwanzo hadi maporomoko ya theluji yanapomfunika yeye na muumba wake. Sababu nazielewa. Siku hizo kumbi nyingi za London hazikuruhusiwa kuonyesha tamthilia za maneno peke yake, ilibidi muziki na nyimbo ziwemo, na hadhira ilipenda wahusika bubu wanaozungumza kwa mwili. Cooke alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kuna onyesho ambalo kiumbe anasikia filimbi kwa mara ya kwanza, ananyoosha mkono kuukamata muziki hewani. Ningetoa mengi nimwone akifanya hivyo. Hata hivyo, kilichokuwa hitaji la ukumbi mmoja kikageuka mazoea ya dunia nzima, filamu ikarithi, na ndiyo maana karne mbili baadaye kijana wa Kisumu mwenye sauti nzuri anapanda jukwaani na kunguruma.

Nieleze kwa nini jambo hili linaniuma kuliko bolti na rangi ya kijani.

Katika toleo la mwaka 1831, ambalo ndilo wengi tunalisoma, sura ya 11 hadi ya 16 ni za kiumbe mwenyewe. Anasimulia kwa kinywa chake, na anasimulia kwa ufasaha kumshinda Victor. Anaeleza alivyojificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia maskini, akawachungulia kupitia ufa. Aliwasikia wakitoa sauti, akaona sauti hizo zinaleta tabasamu au huzuni kwenye nyuso, akaelewa kwamba hapo pana kitu. Akaanza kukusanya maneno moja moja: moto, maziwa, mkate, kuni. Kisha akaja mgeni, Safie, binti asiyejua lugha ya nyumba ile, na alipofundishwa ndani, kiumbe naye alifundishwa nje bila mtu kujua.

Mimi nililetwa Kisumu kutoka kijijini Siaya nikiwa na miaka saba, mdomoni nina Dholuo peke yake. Tulipanga Kaloleni. Watoto wa ploti ile walicheza kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakaitana kula kwa Kiswahili. Nilikaa nyuma ya mlango wetu wa mabati, wenye tundu la msumari, muhula mzima. Neno la kwanza nililolishika lilikuwa "ngoja". Niliposoma sura ya 12 nikiwa mtu mzima, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Sijapata kuona mahali pengine palipoeleza vizuri namna hiyo njaa ya kutaka kuingia katika lugha ya watu. Sasa niambie, ukimfanya kiumbe huyu bubu, mimi nimebaki na nini cha kutazama?

Halafu kuna yule mzee kipofu, De Lacey. Kiumbe anangoja siku ambayo wengine wametoka, anabisha hodi, anaingia, anazungumza. Mzee hamwoni. Anasikia sauti tu, na kwa dakika chache anampokea kama mtu. Wanawe wanaporudi na macho yao, kiumbe anapigwa kwa fimbo na kufukuzwa. Riwaya yote imesimama juu ya dakika zile chache.

Watu wa huku tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko watu wa London, kwa kuwa mazimwi yetu yanasema. Katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kijaluo walisimuliwa sigana, yaani ngano, usiku, zimwi halikuwa bubu hata siku moja. Nani hajasikia ile ngano ya mama anayewaimbia wanawe ili wafungue mlango? Zimwi linauiga wimbo, watoto wanaitambua sauti nzito na kukataa, nalo linakwenda kwa mganga kulainishiwa sauti. Waluhya wanayo yao, Wakisii wanayo yao. Sauti ndiyo mlango. Bibi yangu aliposimulia kipande hicho alibadilisha sauti mara mbili, na hakuhitaji rangi wala kadibodi. Tuliganda kwenye mkeka.

Kwa hiyo ninapowasikia wasomaji wenzangu wakisema jukwaa haliwezi kukibeba kitabu kama hiki, nasema linaweza, na limewahi kufanya hivyo. Mwaka 2011 ukumbi wa National Theatre wa London ulionyesha tamthilia ya Nick Dear iliyoongozwa na Danny Boyle. Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walipokezana: leo huyu Victor na yule kiumbe, kesho kinyume chake. Ilipofika mwaka 2020, wakati wa korona, ikawekwa YouTube bure kwa siku chache, kwa namna zote mbili. Kafyu ilikuwa saa moja jioni, hakuna pa kwenda. Nilinunua bando, nikaegemeza simu kwenye kopo la majani chai, nikatazama usiku wa kwanza na wa pili.

Walikata mengi. Walton, nahodha wa kaskazini ambaye barua zake ndizo zinazofungua na kufunga kitabu, hayumo kabisa, na hilo silipendi. Lakini walianza na kiumbe anazaliwa, anagaagaa sakafuni akijifunza kusimama. Kisha wakampa mzee kipofu, wakampa maneno, wakamwacha abishane na muumba wake ana kwa ana. Anapomdai Victor haki yake unasikia mtoto na wakili kwa pamoja. Nilirudi kitabuni wiki ileile nikasoma sura zile upya, nikazisikia kwa sauti mbili tofauti.

Tena riwaya hii imejengwa kama masimulizi yetu. Walton anamwandikia dada yake yale aliyosimuliwa na Victor, Victor anasimulia aliyosimuliwa na kiumbe, kiumbe anasimulia ya familia ya De Lacey. Ngano ndani ya ngano. Unahitaji vigoda vitatu na fanani watatu wanaojua kumwachia mwenzao zamu. Vijana wa Nyanza na Magharibi wamelelewa katika tamasha za drama za shule, wanajua kughani na wanajua kuishika hadhira kwa sauti peke yake. Tunao pia waigizaji wanaozunguka shuleni kuigiza vitabu teule, kitabu kizima kwa saa mbili, bila pazia wala taa. Ujuzi upo hapa tangu zamani. Wakati wa kuigiza Frankenstein tunauweka kando na kuiga filamu.

Siku ile, baada ya makofi, nilimfuata yule kijana nyuma ya jukwaa. Alikuwa anajifuta rangi kwa taulo lililolowa. Nilimsifu kwa jinsi alivyotembea, na sikuwa nadanganya: alipolia kando ya mwili wa Victor nilisahau bolti. Nikamuuliza kama amesoma kitabu. Akasema alipewa skripti tu, na ndani yake jina lake lilikuwa na maneno mawili pembeni: ananguruma, analia.

Nilikuwa na nakala yangu mfukoni, jalada limeachia, pembeni imejaa kalamu. Nikampa.

Wiki tatu baadaye alinipigia saa nne usiku. Hakuanza na salamu. "Brathe, huyu mzee kipofu," alisema. "Watoto wake wangechelewa kurudi kidogo tu, si angemkubali?" Nikamwambia avue viatu, aketi, anisomee tena kuanzia pale kiumbe anapobisha hodi. Akasoma. Ana sauti nzito ya kutulia, na alipofika mahali ambapo kiumbe anaushika mkono wa mzee, alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.