Roboti Ikijibu "Nzuri", Tuiamini?

Ukimuuliza mtu wa Kisumu habari, atakujibu "nzuri" kwanza, kisha ije "ila": nzuri, ila mama amelazwa, nzuri, ila injini imezimika. Ni adabu, na sote tumezoea kuisubiri hiyo "ila". Lakini je, programu inayozungumza kwa niaba ya roboti iliyo mbali nayo ifundishwe adabu hiyo?

Roboti zinazosimamiwa kutoka mbali zimeshafika kwetu. Kutoka Chemelil, kaunti ya Kisumu, ndege za kampuni ya Zipline zisizo na rubani hupeleka dawa kwenye vituo vya afya huku watu wakizifuatilia kutoka chini. Kule Edinburgh, Scotland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt walitengeneza MIRIAM, programu inayomwezesha msimamizi kuuliza, kwa maneno ya kawaida, roboti ya chini ya maji inafanya nini na kwa nini. Sasa tuseme mtu mmoja ameketi ufukweni Dunga, Kisumu, akisimamia boti tatu zinazojiendesha, zikipima maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria.

Wanaotetea mazungumzo na roboti wana hoja nzito. Kwenye ramani, boti iliyosimama ni nukta tu. Huenda magugu maji yamezonga rafadha, huenda betri imekwisha, au inangoja wavuvi wapite. Kuuliza "mbona umesimama?" kunaokoa muda mwingi. Tena kunamfungulia mlango mtu anayelijua ziwa vizuri ingawa hakusomea uhandisi, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Hofu ya upande wa pili nayo ni ya kweli. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alieleza kwamba mashine ikifanya kazi nyingi, binadamu aliyebaki kuitazama hupoteza ujuzi, halafu huitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Sauti fasaha inazidisha tatizo. Mashine inayojua na inayobahatisha huongea kwa lafudhi ileile. Mtandao ukikatika, programu inaweza kusema boti "iko" Dunga ilhali habari yenyewe ni ya muda uliopita, na aliyejibiwa vizuri haangalii ramani tena.

Mimi nasema iongee, lakini "nzuri" iondolewe, ianze na "ila". Najua programu isiyosalimu itaonekana kavu, na watu hawatapenda kuitumia. Basi isalimu mara moja, zamu inapoanza. Kazi ikishika kasi, iseme hivi: "Boti ya pili imesimama. Huenda ni magugu, sina picha. Mara ya mwisho kuisikia ni dakika nane zilizopita." Kiswahili kina "huenda", "yaelekea" na "nimeona"; wabunifu wayatenganishe maneno hayo kwa uangalifu uleule wanaoutumia kupima betri. Na kabla ya kuikamilisha, waikalishe mbele ya wavuvi wa Dunga, wawaulize kila jibu wamelielewa vipi.